Matofali ya Filamu Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kujenga na Kukusanya Seti Pamoja na Watoto

Seti moja ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kama yale ya LEGO, iliyojengwa, ikabomolewa na kujengwa tena mara sita humfaa mtoto kuliko seti sita zilizojengwa mara moja na kupandishwa juu ya kabati. Nimeuweka msimamo huu mwanzoni kwa sababu mwongozo wote unaofuata unausimamia, na kwa sababu sisi tunaoishi Uganda tungelazimika kuufuata hata kama tusingeupenda. Seti halisi za filamu, yaani zile za kujenga vyombo, majumba na wahusika wa filamu fulani, hufika kwetu kwa bei kubwa, nyingi huletwa na ndugu wanaosafiri, na kipande kikipotea leo hakipatikani dukani kesho. Mkusanyo wa mzazi wa hapa utakuwa mdogo, basi na uwe mkusanyo uliokamilika, unaotunzwa, na unaoshikwa na mikono ya watoto kila likizo. Hivyo ndivyo nilivyofanya na wanangu wawili hapa Jinja, na ninayoyaeleza ni yale yaliyotufaa.

Kuifahamu bidhaa kabla ya kutoa pesa

LEGO ni kampuni ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika mji wa Billund. Tofali lake la sasa, lenye vinundu juu na mirija ndani, liliombewa hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi, tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na tofali lililotoka kiwandani juzi. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali la kawaida, bila kuhesabu kinundu, ni milimita 9.6, na kimo cha bamba, yaani kile kipande chembamba, ni milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu yaliyopandana hulingana na tofali moja. Mfundisheni mtoto hesabu hii ya tatu kwa moja mapema kwa kumpa vipande avipime mwenyewe, maana atakapoanza kubuni vitu vyake ataihitaji kila siku.

Filamu ziliingia katika matofali haya mwaka 1999, seti za Star Wars zilipoanza kuuzwa, na mwaka 2001 zikafuata za Harry Potter. Vijisanamu vya watu vya mwaka 1978 vilikuwa na nyuso za manjano bila kujali vinamwakilisha nani. Ni kuanzia miaka ya 2003 na 2004 ndipo vijisanamu vya wahusika wa filamu vilipoanza kupewa rangi za ngozi zinazokaribiana na za waigizaji wenyewe. Kwetu jambo hili lina uzito. Mwaka 2018 zilitoka seti za filamu ya Black Panther, ambayo mmoja wa waigizaji wake, Florence Kasumba, ni mzaliwa wa Kampala, na nimeona jinsi mtoto wa hapa anavyokishika kwa namna nyingine kijisanamu chenye rangi yake.

Zipo kampuni nyingine zinazotengeneza matofali yanayoshikana na haya, nazo hazivunji sheria kwa umbo peke yake, kwa kuwa hataza za zamani zimekwisha muda, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali hilo haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Ukinunua matofali ya namna hiyo yenye jina la mtengenezaji wake hujadanganywa. Unayedanganywa ni wewe unayeuziwa boksi lililonakili picha za filamu na namba ya seti ya mwenzake, lenye vijisanamu ambavyo miguu yake hulegea baada ya wiki moja. Njia nyepesi ya kutambua ni kuelekeza kinundu kwenye mwanga: karibu kila kinundu kinachoonekana cha tofali la LEGO kimechorwa jina hilo kwa herufi ndogo sana. Msiyachanganye matofali ya asili mbili katika chombo kimoja, kwa sababu yanayolegea huharibu ujenzi na mtoto hudhani kosa ni lake.

Hatua ya kwanza: kuchagua filamu moja tu

Watoto wengi wa Uganda huijua filamu kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho, kwa sababu huipokea kupitia kwa vijei, wale wasimulizi wanaotafsiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea, wakiongeza mizaha, methali na majina ya mitaa ya Kampala. Tumieni urithi huu katika kuchagua. Mwambie mtoto akusimulie filamu anayoipenda kama vijei anavyofanya, bila kumsaidia. Ile anayoweza kuisimulia mwanzo hadi mwisho, akijua nani alimsaliti nani na mlango upi ulifunguka lini, ndiyo ya kununuliwa seti yake. Wazazi wengi hununua seti ya filamu waliyoipenda wao walipokuwa vijana, kisha wanashangaa mtoto anapoiacha nusu.

Baada ya hapo bakini kwenye filamu hiyo, au kwenye mfululizo wake, kwa mwaka mzima angalau. Vipande vya mfululizo mmoja hukaribiana kwa rangi na maumbo, wahusika hutembeleana kutoka jengo moja hadi jingine, na mtoto hupata ulimwengu mmoja unaokua badala ya vijipande vya dunia kumi.

Kuhusu ukubwa, umri ulioandikwa kwenye boksi ni mwongozo wa ugumu, lakini onyo la miaka mitatu ni la usalama, wala halina mjadala: mtoto aliye chini ya umri huo asikae karibu na vipande vidogo, kwa maana vinaweza kumkaba. Mdogo wa namna hiyo apewe Duplo, aina iliyotoka mwaka 1969, ambayo tofali lake ni kubwa mara mbili kwa kila upande na bado linashikana na matofali ya kaka yake. Kwa uzoefu wangu, mtoto wa miaka sita au saba huanza vizuri na seti ya vipande 150 hadi 300, na wa miaka tisa anamudu 500 au 600. Yale majengo makubwa mno ambayo watu huyaona kwenye picha, kama chombo cha Millennium Falcon cha mwaka 2017 chenye vipande 7,541 au jumba la Hogwarts la mwaka 2018 lenye vipande 6,020, ni ya watu wazima au ya familia iliyokwisha kuzoea kazi. Si mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili: kununua kwa akili

Kila seti ina namba, na kwa seti za filamu za miaka ya karibuni namba hiyo huwa ya tarakimu tano. Iandikeni kabla ya kwenda popote. Kwa namba hiyo mtaweza kupata kwenye intaneti idadi ya vipande, orodha ya wahusika, na kijitabu cha maelekezo, ambacho kampuni yenyewe hukitoa bure kwenye tovuti yake. Mzazi anayeingia katika duka la vitu vya kuchezea mjini Kampala akiwa na namba mfukoni hawezi kuuziwa hadithi.

Gawanyeni bei kwa idadi ya vipande ili kulinganisha seti mbili, lakini msiiamini hesabu hiyo kupita kiasi. Seti za filamu huwa ghali zaidi kwa kila kipande, kwa sababu mwenye filamu naye hulipwa, na seti yenye mabawa makubwa machache yaweza kumfaa mtoto kuliko ile iliyojaa vipande vidogo vya kupambia. Mkiagiza kutoka nje, hesabuni pia usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kumbukeni kwamba barua na vifurushi vya posta kwetu huenda kwenye sanduku la posta, si mlangoni.

Ndugu anayerudi kutoka London au Dubai ndiye njia kuu ya wengi wetu, na hapa upo ujanja mdogo wa kumpunguzia mzigo. Mwombeni alifungue boksi, alilaze liwe bapa, aweke kijitabu pamoja na karatasi ya stika kati ya nguo ili visikunjike, kisha avitie vifuko vya vipande katika nafasi zilizobaki ndani ya sanduku, bila kuvifungua. Boksi lenyewe mara nyingi lina hewa nyingi kuliko matofali.

Mitumba, ambayo wenzetu Waganda huiita mivumba, nayo ina hazina. Katika Soko la Owino na kwenye maturubai ya kando ya barabara hutokea mifuko ya vitu vya kuchezea iliyochanganyika, na mara nyingine matofali halisi hulala chini ya wanasesere waliovunjika. Mkipata mfuko wa namna hiyo, tazameni vijisanamu kwanza, kwa sababu katika seti ya filamu wahusika ndio wanaotafutwa zaidi na ndio wanaokosekana. Geuza kiwiliwili uangalie ubavu chini ya kwapa, ambapo ufa huanzia. Jaribu kama kiganja bado kinabana, kama uso haujafutika, kama joho halijachanika. Tofali lenye alama za meno litajenga vizuri tu, lakini kiwiliwili chenye ufa hakitaushika mkono kwa muda mrefu.

Hatua ya tatu: mahali, sinia na mwanga

Msijengee juu ya zulia lenye manyoya wala juu ya nyasi. Tandazeni mkeka, juu yake shuka nyeupe, na juu ya shuka wekeni masinia mawili makubwa yenye kingo. Sinia ni chombo bora kuliko meza yoyote: kipande hakiviringiki kikapotea, na wageni wakiingia sebuleni kazi yote hubebwa ilivyo hadi chumbani bila mtoto kulia. Ungo haufai, kwa kuwa vipande vidogo hunasa kati ya nyuzi. Jengeni mchana. Katika picha za kijitabu, nyeusi na kijivu kilichokolea, au kahawia na kahawia nyekundu, ni vigumu kutofautisha chini ya taa hafifu, na umeme ukikatika katikati ya mfuko wa tatu ndipo vipande hukanyagwa.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ile inayoendelea hadi shule zinapofunguliwa mwezi wa Februari, ndiyo ya seti kubwa. Likizo fupi za katikati ziachieni seti ndogo. Mtoto wa bweni asilazimishwe kumaliza kitu kwa siku mbili kabla ya kurudi shule.

Hatua ya nne: kupanga vipande

Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika, na ndipo ninapowaomba wazazi watulie. Seti mpya huja na vifuko vyenye namba. Fungueni kimoja tu, kimalizeni, ndipo mfungue kinachofuata. Mtoto atakaposihi vifunguliwe vyote ili aone, mwonyesheni kwa nje.

Kosa la kawaida ni kupanga kwa rangi. Linaonekana la busara, na fungu la rangi moja linapendeza macho, lakini jaribuni kutafuta kipande kidogo chekundu chenye tundu ndani ya lundo la vipande mia mbili vyekundu: jicho halina pa kushika. Rangi ndiyo kitu ambacho jicho hukitambua upesi zaidi, kwa hiyo iacheni ichanganyike, na mpange kwa umbo. Katika bakuli lenye vipande vya umbo moja na rangi kumi, chekundu kitajitokeza chenyewe. Kwa kifuko kimoja cha seti ya kawaida mafungu matano yanatosha: matofali, mabamba, vipande laini visivyo na vinundu juu, vipande vya kuzunguka na kuunganisha, na vidogo kabisa. Hivi vidogo viwekwe katika kikombe cheupe, kamwe si kwenye sinia, na mjue kwamba kampuni huongeza kimoja kimoja cha ziada kwa vile vidogo zaidi, kwa hiyo vikibaki mwishoni si ishara ya kosa.

Upangaji ufanywe na mkubwa pamoja na mtoto, na ujenzi ufanywe na mtoto. Mgawo huu ndio ulioleta amani nyumbani kwangu. Mzazi aliyeketi akipanga ana kazi halisi, mikono yake haina nafasi ya kunyakua, na mtoto anapouliza "kiko wapi?" anajibiwa kwa bakuli, si kwa kufanyiwa. Wakiwa watoto wawili, mmoja ajenge na mwingine amtafutie vipande, kisha wabadilishane kila kifuko kinapokwisha, wala si kila ukurasa, kwa sababu mjenzi anahitaji muda wa kuzama.

Hatua ya tano: kujenga

Kila ukurasa huonyesha vipande vinavyohitajika ndani ya kisanduku. Mtoto avitoe vyote kwanza na kuviweka mbele yake, avihesabu, ndipo aanze kuvipachika. Pakiwa na picha ya kipande iliyoandikwa 1:1, ina maana imechapishwa kwa ukubwa wake halisi: laza kipande juu ya karatasi ulinganishe urefu. Katika vijiti vya kuunganishia, tofauti ya kinundu kimoja haionekani kwa macho lakini huvunja kila kitu ukurasa wa hamsini.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupachika kipande kinundu kimoja kulia au kushoto. Msiseme "umekosea". Semeni "tuhesabu vinundu kutoka ukingoni", kwenye picha na kwenye kazi, na mtoto ataligundua mwenyewe. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini watoto wengi bado hawana mahali pa kukitumia nje ya darasa. Kazi hii inawapa. Upande wa nyuma, safu ya pili, kinundu cha tatu, juu ya, kati ya, mkabala na: maneno haya mtoto huyashika kwa vidole akijenga, na hayatoki tena.

Kipande kilichonasa kiondolewe kwa kitenganishi, kile kifaa cha plastiki ambacho seti nyingi kubwa huja nacho, kisiondolewe kwa meno wala kwa kisu. Stika zibandikwe na mkubwa, siku ya mwisho, mikono ikiwa mikavu: laza ukingo mmoja kwanza, kisha shusha taratibu. Na mzazi akiona kosa wakati mtoto amelala, aliache. Mtoto anayeamka na kukuta kazi imerekebishwa huelewa kwamba haikuwa yake.

Hatua ya sita: kuicheza, na kuipiga picha

Seti iliyokamilika ikae mahali watoto wanapofikia kwa mwezi mmoja. Waache wasimulie kama vijei, wabadilishe mwisho, wamlete adui ale matoke na shujaa. Wakifikia hapo, simu ya kawaida inaweza kuwatengenezea filamu yao. Isimamisheni simu imara kati ya vitabu viwili vizito, isisogee hata kidogo. Sogezeni kijisanamu kidogo, pigeni picha, sogezeni tena. Picha 12 kwa kila sekunde zinatosha, kwa hiyo tukio la sekunde kumi linahitaji picha 120, na hiyo ni kazi ya alasiri nzima. Msipigie karibu na dirisha, kwa sababu mawingu yakipita mwanga hupanda na kushuka na filamu itapepesa. Programu za kuunganisha picha zipo za bure, na sauti hurekodiwa mwisho. Wangu walirekodi milango kwa kifuniko cha sufuria.

Hatua ya saba: kubomoa, kuhesabu na kuhifadhi

Bomoeni kwa kufuata kijitabu kinyumenyume, ili vipande vya kifuko cha tano virudi pamoja, kisha vya nne, hadi cha kwanza. Vitieni katika mifuko yenye zipu, andikeni namba ya kifuko kwa kalamu isiyofutika, na mara inayofuata mtoto atafungua seti yake kama mpya. Vijitabu vya miaka ya karibuni huorodhesha vipande vyote katika kurasa za mwisho, kila kimoja na namba yake, kwa hiyo hesabuni mkitumia orodha hiyo. Kilichokosekana kiandikwe katika daftari la mkusanyo, lenye namba ya seti, jina lake, idadi ya vipande, tarehe iliyofika, aliyeileta na vilivyopotea. Kwa namba ya kipande mnaweza kuagiza hicho kimoja, au kumwomba ndugu akilete ndani ya bahasha.

Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia ndani ya kila kinundu. Lifuteni kwa brashi laini ya rangi, na likizidi, osheni vipande kwa mkono katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 yenye sabuni kidogo, isipokuwa vile vyenye stika na vyenye umeme. Vikaushwe kivulini juu ya taulo. Jua huyafanya matofali meupe na ya kijivu kuwa ya manjano, na joto hupinda mabamba: niliwahi kusahau mabamba mawili makubwa nyuma ya kioo cha gari mchana kutwa, na hayakulala bapa tena.

Hatua ya nane: kujenga kisichomo katika boksi

Baada ya kuijenga seti mara tatu au nne, mtoto huanza kubadilisha. Huo ndio wakati wa kumpa jukumu la kuileta filamu nyumbani: mhusika wake ameshuka Uganda na anahitaji usafiri. Taksi yetu ya abiria 14 ni somo zuri. Kijisanamu kina kimo cha takriban milimita 40, kwa hiyo upana wa vinundu sita, yaani milimita 48, unatosha kwa gari lenye kiti kimoja mbele. Mkitaka wawili waketi sambamba, chukueni vinane. Anzeni na bamba la chini na magurudumu, pandisheni kuta matofali mawili, acheni madirisha, kisha zungusheni mkanda wa mabamba madogo ya kinundu kimoja, bluu na nyeupe yakipishana safu mbili, nao ndio ile mistari ya miraba ambayo kila mtoto wa Kampala anaijua. Paa lisipachikwe kwa nguvu, ili abiria waingie.

Taksi hii haina kijitabu, kwa hiyo mtoto atakitengeneza. Anapoibomoa, apige picha kabla ya kutoa kila kipande, kisha picha zipangwe kuanzia ya mwisho. Ile ya mwisho kupigwa, yenye bamba la chini na magurudumu peke yake, ndiyo ukurasa wa kwanza.